Nusu Inchi ya Mjomba

3 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na nyingine mpelekee mkaza mjomba hapo kwenye cherehani yake. Sisi hatujambo. Mama goti la kushoto bado linamsumbua, lakini mdomo haujaguswa na ugonjwa wowote. Juzi kamfokea fundi bomba mpaka yule mtu akasahau vifaa vyake kwetu. Mdogo wangu kapata mtoto wa kike, kilo tatu na nusu, analia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Yule paka ambaye Mama alisema hamtaki sasa ana mto wake mwenyewe.

Nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Kundi letu la watu wanne limevunjika. Mpiga gitaa kaoa na kuhama, mpiga besi kapata kazi ya kuendesha lori, na mpiga dramu kaacha tu kuja. Nimebaki mimi na vidole vyangu kumi. Lakini nimepata ukumbi. Ni dansi la Jumapili alasiri, la watu wazima wanaopenda kucheza wawili wawili, na meneja kanipa hadi Jumapili ya mwisho ya Agosti. Watu wakicheza, nabaki. Watu wakikaa, analeta mtu wa kucheza nyimbo za kwenye kompyuta, na mimi narudi nyuma ya kaunta ya duka la dawa siku saba kwa wiki. Sitaki, Mjomba. Tangu nina miaka sita hiki ndicho kitu pekee ninachokitaka.

Mtu mmoja hawezi kuwa bendi, kwa hiyo nanunua kinanda chenye bendi ndani yake. Unavijua: mkono wa kushoto unashika sauti tatu, na chenyewe kinapiga dramu, besi na gitaa kukufuata, huku mkono wa kulia ukiimba. Dukani viko vitatu. Cha kwanza kina kioo kikubwa na midundo elfu moja na mia mbili, kinang'aa hata kikiwa kimezimwa. Cha pili ni chepesi, spika ziko humo humo, nakibeba kwa mkono mmoja. Cha tatu kimetumika. Kitufe kimoja kimeng'oka na rangi imechubuka, ila muuzaji anasema kinakubali kufundishwa midundo mipya. Wewe ulipiga dramu kwenye bendi miaka kumi na tisa. Nichukue kipi?

Nilikupigia simu mara mbili, akapokea mkaza mjomba, akasema umetoka kutembea. Mara zote mbili nilisikia mvua inapiga bati huko kwenu.

Ni mimi mpwa wako asiyejua kuchagua.

1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba. Huyo mtoto mchanga mwambieni kaka wa bibi yake, maana ndivyo nilivyo kwake, anasema alie tu, mapafu ni mali. Dada yangu mwambie goti halitaki kusimama jikoni kutwa. Huku tuko salama. Mkaza mjomba wako kapata kazi ya sare za shule, mashati mia na arobaini, na mimi ndiye mshona vifungo. Usicheke. Mkono wangu hautetemeki hata kidogo.

Simu yangu mbovu. Andika.

Kuhusu vinanda, mimi sivijui. Mgongo ulinitoa kwenye muziki kabla sijajifunza mambo hayo. Muulize anayejua.

Ila kwa kuwa umeuliza: midundo elfu moja na mia mbili ya nini, na mwaka una Jumapili hamsini na mbili? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hicho kinachong'aa waachie wapiga picha. Hicho chepesi nacho kiache, spika zake zitatosha sebuleni kwa mama yako, lakini watu mia wakianza kuburuza viatu hutajisikia mwenyewe. Nenda dukani, fumba macho, tafuta kwa vidole kitufe cha kuanzia, cha kumalizia, na kile cha kubadili mdundo katikati ya wimbo. Usipovipata bila kutazama, kinanda hicho si chako. Jukwaani macho yana kazi moja tu, kutazama miguu ya watu.

Basi. Mengine sijui. Ukumbi wenyewe ni upi? Hukusema.

Mjomba mwenye sindano.

19 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mtoto kaota jino la kwanza mapema mno, na Mama anasema ni akili za upande wetu. Goti linaendelea. Paka kazaa, na sasa Mama anakana kuwa alisema ni dume.

Nilifumba macho dukani kama ulivyoagiza, muuzaji akadhani nasali, akapunguza sauti ya redio. Hicho kikubwa niliangukia kitufe cha lugha, kikaanza kusema maneno nisiyoyajua. Hicho kilichochubuka vidole vilienda vyenyewe. Pale kitufe kilipong'oka kuna shimo, na shimo linanisaidia: kushoto kwake ni kuanza, kulia kwake ni kumaliza. Nimekinunua hicho.

Sasa nikuambie mabaya. Jumapili saba nimepiga, na Jumapili saba watu wamekaa. Hawakasiriki. Wanapiga makofi kwa adabu, wanakunywa soda, wanatikisa kichwa kidogo. Kuna fundi viatu mmoja na mkewe, hukaa meza ya pili kutoka mlangoni, wamevaa viatu alivyovishona mwenyewe kwa ajili ya kucheza, soli nyembamba, ngozi laini. Kila Jumapili wanakuja navyo, na kila Jumapili soli zinarudi nyumbani safi. Nimejaribu midundo yote ya kinanda. Yote ni sahihi na hakuna hata mmoja unaomwinua mtu kitini. Meneja anahesabu viti vilivyokaliwa kwa macho, halafu ananitazama.

Uliuliza ukumbi. Nilikuficha, na sitaki kuendelea. Ni ule ule, Mjomba. Wenye nguzo nne za kijani. Nilimwambia Mama, akanieleza yote. Kwamba mwenye ukumbi wa wakati ule alinunua kinanda, na wiki iliyofuata akakuambia upumzike. Kwamba wewe ndiye uliyejitungia habari ya mgongo.

Najua kilichokutoa kwenye kiti chako ni ndugu wa hiki nilicho nacho. Bado naomba. Wenzako walikuita Bwana Baadaye kwa sababu mkono wako ulichelewa kidogo tu na watu wakawa hawakai. Kinanda changu kinakubali kufundishwa. Nifundishe nikifundishe.

Nimekupigia tena. Mkaza mjomba kasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Mpwa wako anayeona haya lakini anaomba.

7 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwa na meneja. Wiki saba sasa. Mama anasema nimekuchoma pale palipoanza kupona, na kwamba wewe ukikasirika husema "sijambo" kwa sauti ndogo kisha hupotea mwaka mzima. Kama ni hivyo nisamehe. Sitarudia habari ya dramu. Niandikie hata ya vifungo.

Mpwa wako.

21 Juni

Mpwa,

Sijambo. Sare zimekwisha, zote mia na arobaini. Mkaza mjomba wako anakusalimu na anakulaumu kwa utepe wake mmoja.

Ndani ya bahasha kuna utepe wa kupimia, ule wa mafundi wa nguo. Nimeshona juu yake. Uzi mwekundu ni dramu kubwa ya mguuni. Uzi wa buluu ni ile ndogo inayokaa kati ya magoti. Mweupe ni matoazi. Mapigo ni manne, na yanajaza utepe mzima mwanzo hadi mwisho, kila pigo robo ya utepe, yaani inchi kumi na tano. Ukifika mwisho unarudi mwanzo.

Wiki saba si hasira. Nilikuwa napiga juu ya meza ya kukatia nguo, nasimamisha mkono hapo ulipotua, naweka alama ya chaki, nafuta, naanza tena. Mkono haudanganyi lakini haupendi kuulizwa maswali.

Weka kama ulivyoona. Usininyooshe.

12 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo mara sabini. Nilipofungua bahasha nililia, kisha nikacheka, kisha Mama akaninyang'anya utepe akapima nao kiuno, akasema umekosewa.

Nikuambie nilivyofanya. Niliulaza mezani, nikapima kwa sentimita kwa sababu kugawanya kwake ni rahisi. Kinanda hiki hukata kila pigo vipande mia nne na themanini, kwa hiyo nilihesabu kila uzi umekaa kipande cha ngapi, nikaingiza mmoja mmoja kwa kidole. Niliona ajabu kidogo kwamba uzi mwekundu wa kwanza uko mwisho kabisa, nikasema labda ndiyo siri yako.

Mara ya kwanza hakikubadilika kitu, mdundo ukawa ule ule mkavu wa kiwandani. Kumbe kinanda kina tabia ya ualimu: ukikipa pigo lililokaa pembeni ya mstari, kinalivuta kwenye mstari bila kukuuliza. Ndivyo kilivyotengenezwa, watu wengi wanakishukuru. Nilitafuta kitufe cha kuzima ualimu huo siku mbili nzima. Nimekizima.

Jumapili nikaupiga. Mjomba, walisimama. Fundi viatu na mkewe walisimama wimbo wa kwanza, mara ya kwanza tangu nianze, na nyuma yao meza tatu. Moyo ukanienda mbio. Lakini na wao walikuwa wanaenda mbio. Kufika katikati ya wimbo wanacheza kama watu wanaokimbilia basi la mwisho. Mke wa fundi viatu kashika kiuno, kaja hadi kwenye kinanda, kaniuliza kwa upole kabisa, "Binti, nani anatufukuza?" Wimbo wa tatu wote wamekaa, wanajipepea kwa leso.

Sijabadili kasi. Nimepima, kasi ni ile ile. Sielewi, na zimebaki Jumapili chache tu. Nilikupigia kukuuliza, mkaza mjomba akasema uko bafuni. Nilisikia kikohozi chako karibu na simu, Mjomba. Nakijua kikohozi chako.

26 Julai

Mpwa wangu, mama yangu mdogo,

Marahaba. Nimecheka mpaka mkaza mjomba wako akaja na maji.

Utepe una nyuso mbili. Upande mmoja inchi, upande wa pili sentimita, na zinaanzia ncha tofauti. Mafundi tunalijua hilo hata tukiwa usingizini, na ndiyo maana sikuwaza kukuambia. Sisi hapa hakuna anayepima shati kwa sentimita. Wewe umenisoma kutoka mkiani. Dramu kubwa haikuumia, maana ikigeuzwa inaangukia pale pale. Matoazi hali kadhalika. Ila buluu, ambayo nimeiweka nusu inchi baada ya pigo, kwako imetua nusu inchi kabla ya pigo. Miaka kumi na tisa nimeitwa Bwana Baadaye, umenifanya Bwana Mapema kwa alasiri moja, na wazee wa watu wameshika viuno. Haraka haraka haina baraka, sasa una ushahidi.

Geuza utepe. Anzia kwenye inchi. Nusu inchi, kwa hesabu yako ya vipande, ni kumi na sita. Usiongeze hata kimoja.

Sasa la kikohozi. Sikuwa bafuni. Nilikuwa nimekaa hapo hapo. Sikio la kulia lilizimika miaka tisa iliyopita, la kushoto likafuata mwaka juzi. Daktari anasema ni matoazi. Mkaza mjomba wako ndiye anayenisikilizia dunia na kuniandikia kwenye ubao wa chaki, na akikasirika huandika kwa herufi kubwa. Sikutaka unionee huruma, ndiyo maana simu ikawa mbovu. Mdundo ule nimeushona bila kusikia hata pigo moja, nimeupapasa tu mezani. Kama haufai, niambie haufai. Hilo ndilo nililokuwa naliogopa wiki saba zile, kwamba labda haukuwahi kufaa, na yule mwenye ukumbi alikuwa sahihi.

Mjomba wako kiziwi.

17 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo, na kaa chini kwanza.

Niligeuza utepe. Uzi mwekundu ukaja mwanzo, mahali pake, nikaona haya peke yangu chumbani. Nikaziingiza buluu, kumi na sita baada ya pigo, ualimu umezimwa. Nikabonyeza kuanza. Mama alikuwa jikoni anaosha sufuria. Akaja na sufuria mkononi, sabuni inadondoka, akasimama mlangoni. Akasema, "Kaka yangu huyo." Hakusema tena neno, Mjomba, na wewe unajua hilo halitokei.

Jumapili ile ukumbi ulikuwa nusu. Nikaanza na wimbo wa taratibu, mkono wa kushoto unashika, macho nimeyaweka kwenye miguu kama ulivyosema. Kwanza kisigino cha fundi viatu chini ya meza. Kikapiga, kikapiga tena. Akamtazama mkewe, mkewe akaweka soda chini kabla haijaisha. Wakasimama. Wakaja katikati, na hawakukimbia. Walikuwa wanakanyaga kama watu wenye muda. Wimbo wa pili meza ya manesi, wa tatu wale ndugu wawili wa duka la rangi, wa tano sikuweza kuhesabu. Viti vilikuwa vitupu mpaka vinatia haya. Meneja alisimama kwenye nguzo ya kijani, mikono kifuani, kisha mikono ikashuka, kisha nikamwona anacheza na mpishi.

Tulipopumzika fundi viatu alikuja, anahema vizuri, siyo kama siku ile. Hakuzungumza nami kwanza. Alizunguka nyuma ya kinanda, akatazama, akainama akatazama chini yake, akainua hata kitambaa cha spika. Halafu ndiyo akaniuliza:

"Bwana Baadaye karudi lini?"

Nikamwambia hujarudi. Akanitazama kama mwongo. "Binti," akasema, "mimi nimechezea mkono ule ujana wangu wote. Nimemwoa huyu mama juu ya mkono ule. Usinifiche mtu."

Hujawahi kutofaa, Mjomba. Miaka ishirini na mbili tangu utoke watu hawa wamekaa na viatu vyao wakikungoja wewe, na walikuwa hawajui ni nini wanachokingoja.

Jumapili zote tangu hapo ni hivyo. Tunangoja ya mwisho ya Agosti, ndipo meneja ataamua. Ndani ya bahasha kuna tiketi mbili za basi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mambo mawili madogo nimalizie, wala siombi chochote. Kwenye stoo, nyuma ya viti vilivyovunjika, nimekuta dramu za zamani. Nimezifuta vumbi na kubadilisha ngozi moja. La pili, kinanda changu kina taa ndogo juu ya vitufe, inawaka nyekundu kwenye pigo la kwanza na kijani kwenye yale matatu yanayofuata. Mtu huweza kuiona akiwa amekaa hata hatua nne mbali. Nimekuandikia tu.

14 Septemba

Mpwa wangu,

Tumefika salama. Mkaza mjomba wako alilala njia nzima, kichwa begani kwangu, na viatu vyake mkononi kwa sababu miguu ilikuwa imevimba kwa kucheza. Mwambie dada yangu nimeliona goti lake likizunguka ukumbi mara saba, na kwamba kuanzia leo simwamini akisema linauma. Mtoto mbusu. Paka sina la kusema juu yake.

Nimechelewa kuandika. Kila nikikaa, mikono inapiga meza, na wateja wanaletewa mashati yenye chaki.

Uliniambia huniombi chochote, mwongo mkubwa wewe. Niliingia nikaziona dramu zimepangwa kushoto kwako, vijiti viwili juu yake vipya, na taa yako imeelekezwa kwangu. Nilitaka kutoka. Mkaza mjomba wako akatoa kile kipande cha ubao kwenye mkoba, alikuja nacho, akaandika kwa herufi kubwa KAA. Nikakaa.

Nikuambie ilivyokuwa kwa upande wangu, kwa sababu wewe ulikuwa na kelele zako na mimi sikuwa nazo. Nilikuona umenyamazisha dramu ndogo ya kinanda, nikajua umeniachia nafasi yangu. Taa nyekundu. Taa ya kijani, nikasubiri nusu inchi, nikapiga. Sikusikia kitu. Nikapiga tena. Ngozi ikanirudishia kijiti mkononi vizuri, mbao za sakafu zikanipanda miguuni, lakini hilo si la kuamini, sakafu hutikisika hata kwa lori. Nikainua macho nikamtafuta fundi viatu. Kazeeka yule bwana, na mimi kanikuta hivyo hivyo. Nikatazama kiatu chake. Taa ikawaka, na kiatu hakikushuka. Kilikaa hewani kidogo, kinaningoja. Mkono wangu ukashuka, na kiatu kikashuka nao.

Hapo nikajua. Nililia, uliona, usiseme hukuona. Ukumbi mzima ulikuwa unaning'inia kwenye ile nusu inchi yangu, vijana na wazee, na hakuna aliyekuwa amekaa isipokuwa mimi. Mcheza kwao hutunzwa. Yule aliyeniambia nipumzike namsamehe, alikuwa hajui kutazama viatu.

Na hicho kinanda chako nakisamehe pia. Kilinyang'anya kiti changu, kikanitunzia mkono wangu, tuko sawa. Kisipigwe na jua, na usiruhusu mtu arudishe ule ualimu wake.

Meneja aliniandikia kwenye karatasi kabla hatujaondoka. Kasema wewe unabaki, hilo unalijua, ulivyoruka nusura uangushe kinanda. Hukujua mengine aliyoandika. Anataka tuwe wawili, kila Jumapili, na kuna chumba nyuma ya ukumbi chenye dirisha la kutosha cherehani. Nilisema nitafikiri. Mkaza mjomba wako hakufikiri, keshafungasha cherehani yake.

Tunakuja kabla mwezi haujaisha. Kile kiti ulichoniwekea kina egemeo, kinanizuia mikono. Nitafutie kigoda cha kawaida kisicho na mgongo. Wangu haujawahi kuuma hata siku moja.

Mjomba wako, Bwana Baadaye.